Mara Tatu Baraza la Jiji la Dar es Salaam Lilivunjwa

Mjadala wa Katiba mpya umerejea nchini, na safari hii umerejea ukiwa na uzito wa majonzi, kwa sababu unafuata uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambao CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikushiriki na ambao siku yake na zilizofuata ziligubikwa na ghasia na vifo. Katika mjadala huo serikali za mitaa hutajwa kwa hoja moja tu, kwamba uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji uondolewe mikononi mwa TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, na ukabidhiwe Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Sheria zilizopitishwa mwanzoni mwa mwaka 2024 zilifungua mlango wa jambo hilo, lakini uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 uliendeshwa na TAMISEMI kama ilivyozoeleka, na chama tawala kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Hoja hiyo ni ya haki na ninaiunga mkono. Hata hivyo naamini kwamba inagusa nusu tu ya tatizo, tena nusu iliyo rahisi kuonekana. Historia ya mabaraza ya madiwani katika Dar es Salaam, mji wa bandari ambao umekuwa na baraza la manispaa tangu 1949, inaonyesha kwamba kura za wakazi wake zimebatilishwa zaidi katikati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuliko siku yenyewe ya kupiga kura. Mara tatu, kuanzia miaka ya 1970 hadi 2021, chombo kilichosimamia jiji kwa niaba ya wakazi kiliondolewa kwa uamuzi wa serikali kuu, na katika mara zote tatu hakuna mkazi aliyeulizwa. Katiba itakayoboresha masanduku ya kura na kuacha mwanya huo wazi itatupatia uchaguzi mzuri wa chombo kisicho na uhai wake chenyewe.

Baraza la manispaa lililoundwa 1949 halikuwa la kuchaguliwa. Wajumbe wake wa mwanzo waliteuliwa na serikali ya kikoloni, na mji waliousimamia ulikuwa umegawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku huduma zikipungua kadiri mtu alivyotoka baharini kuelekea Kariakoo na Ilala. Ilichukua muongo mmoja wa harakati za TANU, chama kilichopigania uhuru, kubadili sura hiyo, na mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Wengi humkumbuka kwa kanuni za ushairi alizoziandika, wengine kwa uwanja wa Arusha unaobeba jina lake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliingia katika ofisi ya meya kabla nchi haijapata uhuru, na kwamba kwa wakazi wa Uswahilini huo ulikuwa ushahidi wa kwanza unaoshikika kwamba kura inaweza kuhamisha madaraka kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine. Mwaka 1961 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu upo usemi unaorudiwa sana siku hizi kwamba demokrasia ya mitaa ni jambo geni lililoletwa na wafadhili wa miaka ya 1990. Dar es Salaam ilikuwa na meya Mwafrika kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Kilichofuata kilikwenda taratibu. Mfumo wa chama kimoja ulipohalalishwa 1965, mgombea udiwani hakuwa na njia nyingine isipokuwa TANU. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ikafutwa, uamuzi uliowafurahisha wananchi na ambao siwezi kuulaumu kwa upande wa utu, lakini ulizikausha halmashauri bila kuzipa chanzo kingine cha fedha. Kisha ikaja sera ya Madaraka Mikoani ya 1972, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilizungumzia madaraka, lakini kati ya 1972 na 1974 halmashauri za wilaya na za miji zilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi waliowajibika kwa serikali kuu. Dar es Salaam, makao ya serikali na bandari kuu ya nchi, ikabaki bila baraza la jiji. Mitaro iliziba, taka zikarundikana, na kipindupindu cha 1977 kikafanya iwe vigumu kuendelea kudai kwamba mpango ule unafaa mijini. Mwaka 1978 Bunge likatunga sheria ya mpito ya kurejesha mabaraza ya miji, halafu zikaja sheria za 1982 ambazo hadi leo ndizo msingi wa serikali za mitaa Tanzania Bara. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi aliyekuwa na heshima kubwa kuliko wote alikiri hadharani, na mwaka huohuo Katiba ikaongezewa ibara za 145 na 146. Ibara ya 146 inaanza hivi: "Madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi."

Sentensi hiyo ni nzuri, na ninaamini walioiandika waliimaanisha. Tatizo ni kile ambacho Katiba haikusema baada yake. Ibara zile mbili zinaamuru vyombo viwepo, na kila kitu kingine zinakiacha kwa sheria za kawaida: viundwe namna gani, vivunjwe na nani, kwa sababu zipi, na baada ya kuvunjwa wananchi warudi kwenye sanduku la kura baada ya muda gani. Kwa hiyo kosa ambalo Mwalimu alilijutia liliendelea kuwa halali kutendwa tena, hata kama kwa kipimo kidogo zaidi, na haukupita muda mrefu likatendwa.

Uchaguzi wa kwanza wa mitaa chini ya vyama vingi ulifanyika 1994, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa 1995 ambao Dar es Salaam ulivurugika kiasi kwamba Tume ya Uchaguzi ililazimika kuufuta na kuurudia mwezi Novemba. Katika hali hiyo ya mji uliochoka, serikali kupitia Waziri Mkuu Frederick Sumaye ililivunja baraza la jiji mwaka 1996 na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na msomaji mkweli lazima aitazame usoni. Baraza lililovunjwa halikuwa la kutetea. Huduma ya taka ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya 1980, hadi wakazi wa Tabata wakalazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulizuia jiji lisiendelee kumwaga taka katikati ya makazi yao, na wakashinda. Tume ya Jiji ilipoingia, mapato yalipanda, kampuni binafsi na vikundi vya wakazi vikapewa maeneo ya kuzoa taka, mitaa ya katikati ya mji ikaanza kupitika. Wazee wengi wa Dar es Salaam bado wanausema vizuri wakati ule, na wana sababu. Ikiwa watu walioteuliwa walisafisha mji ambao watu waliochaguliwa waliushindwa, kwa nini tung'ang'anie uchaguzi?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, Tume ya Jiji ilipewa kile ambacho baraza halikuwahi kupewa, yaani uhuru wa kupanga upya watumishi, nguvu ya kusimamia makusanyo, na uungaji mkono wa wazi wa serikali kuu kila ilipogongana na wakubwa wa mji. Kulinganisha chombo kilichofungwa mikono na chombo kilichofunguliwa mikono, kisha kudai kwamba tofauti yao ni uchaguzi, ni kupima mambo mawili kwa wakati mmoja na kulisifu moja tu kati yake. Pili, hata tukikubali kwamba baraza lile lilistahili kuondolewa, halikustahili kuondolewa kwa miaka minne. Kuanzia 1996 hadi mwanzoni mwa 2000 wakazi wa jiji kubwa kuliko yote nchini hawakuwa na diwani wa kumwajibisha, muda unaokaribia kipindi kizima cha udiwani. Usimamizi wa dharura una nafasi yake. Ninachokipinga ni dharura isiyo na tarehe ya mwisho. Na ieleweke kwamba Keenja mwenyewe, kazi ya Tume ilipokwisha, alikwenda kuomba kura Ubungo na wananchi wakampa ubunge mwaka 2000. Rekodi nzuri ya utendaji ilifika kwenye sanduku la kura na ikathaminiwa, jambo linalopaswa kuwatuliza wale wanaoamini kwamba mpiga kura wa Dar es Salaam hajui kutofautisha mchapakazi na mpiga porojo.

Mwaka 2000 muundo ukawa wa ngazi mbili. Manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, zilikuwa na madiwani waliochaguliwa moja kwa moja na kata, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji iliyoundwa na wajumbe waliotoka katika manispaa hizo pamoja na wabunge. Jiji likabaki na mambo yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu na kituo cha mabasi cha Ubungo. Baadaye Ubungo na Kigamboni nazo zikawa manispaa, zikafika tano. Kwa muda mrefu muundo huo haukumsumbua mtu, kwa sababu chama kilichoongoza ngazi zote kilikuwa kimoja. Jaribio lilikuja baada ya uchaguzi wa 2015, muungano wa vyama vya upinzani, UKAWA, ulipopata madiwani wa kutosha kuchukua umeya wa Kinondoni, wa Ilala na hatimaye wa jiji lenyewe. Uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa, kukiwa na mabishano juu ya nani hasa ana haki ya kupiga kura, na vurugu zikatokea ndani ya Ukumbi wa Karimjee, ukumbi uleule ambamo Bunge la kwanza la nchi hii lilikaa. Miezi mitano ilipita tangu wananchi wapige kura hadi Isaya Mwita wa CHADEMA alipochaguliwa tarehe 22 Machi 2016.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini ni vyema kuyaweka katika mstari mmoja. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zikahamishiwa wakala mpya, TARURA. Madiwani wa upinzani wakaanza kuhama chama mmoja baada ya mwingine, na katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2017 uliohusisha kata 43 nchini, chama tawala, CCM, kikachukua 42. Januari 2020 meya wa jiji akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, kura ambayo upinzani ulipinga uhalali wake. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli akalivunja Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Hoja iliyotolewa ni kwamba halmashauri ya juu haikuwa na eneo wala watu wake yenyewe na kwamba ilitumia fedha za manispaa kwa posho na utawala. Hoja hiyo haikuwa ya kubuni. Ngazi ya juu isiyochaguliwa moja kwa moja ilikuwa dhaifu kwa maumbile yake, na mtu angeweza kwa nia njema kabisa kupendekeza ibadilishwe. Lakini kubadilisha kulihitaji mjadala juu ya nini kiwekwe mahali pake, na mjadala huo haukufanyika.

Matokeo yake ni kwamba leo mkoa wenye watu takriban milioni 5.4 kwa sensa ya 2022 hauna chombo hata kimoja kilichochaguliwa kinachousimamia mji wote. Kuna halmashauri tano zilizokaa bega kwa bega, na anayeziunganisha ni Mkuu wa Mkoa, ambaye huteuliwa. Ubovu wa mpangilio huo unaonekana vizuri zaidi ukisimama kando ya Barabara ya Mandela. Lori lililopakia shehena ya Zambia au Kongo linatoka bandarini upande wa Kurasini, ambako ni Temeke, linapita Buguruni na Tabata, ambako ni Ilala, kisha linaingia Ubungo kuitafuta barabara ya Morogoro. Ndani ya safari fupi limepita mbele ya mabaraza matatu ya madiwani, na hakuna hata moja lenye kauli juu ya saa za malori kupita, maegesho yake, au fidia ya vumbi na ajali kwa wakazi wa njia nzima. Mto Msimbazi nao haujui mipaka ya manispaa unapofurika Jangwani. Bunge lilipouridhia mkataba wa uendeshaji wa bandari na Dubai mwezi Juni 2023, nchi nzima ilibishana kwa wiki kadhaa, na sauti ambayo haikusikika kama taasisi ilikuwa ya mji wenyewe unaobeba bandari hiyo mgongoni.

Zipo hoja nyingine za kuutetea utaratibu uliopo. Wapo wanaosema Dar es Salaam ni mali ya taifa, kwamba sehemu kubwa ya mapato ya nchi hupitia hapa na kwa hiyo haiwezi kuachiwa madiwani. Hoja hii ina uzito, na jibu lake liko katika mgawanyo wa kazi: bandari, reli na forodha zibaki za taifa, na taka, mitaro, masoko, maegesho na mipango ya makazi viwe vya mji. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba wananchi wenyewe hawajali. Wanatuonyesha vituo vyenye foleni fupi, mikutano ya mitaa yenye viti vitupu, na kutuuliza ni nani hasa anayelilia diwani. Hoja hii inachukua matokeo na kuyafanya sababu. Mkazi anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kodi ya jengo hukatwa humohumo, tangu mwaka 2021, na fedha inakwenda TRA bila yeye kupita mbele ya mtu yeyote aliyemchagua. Mtaro wa barabara ya mtaa wake uko TARURA, bomba la maji liko DAWASA, na Mkurugenzi wa halmashauri yake ni mteule wa Rais. Niliwahi kukaa katika mkutano wa mtaa mmoja ambapo mama mmoja aliuliza swali moja kuhusu mtaro uliokuwa ukimwaga maji ndani ya uwanja wake, akajibiwa kwa upole mkubwa na kila aliyekuwa meza kuu kwamba jambo hilo liko ofisi nyingine. Hakurudi kuuliza tena. Ukimwita mama huyo mtu asiyejali, umemdhulumu mara mbili. Mpiga kura anayeona kwamba wapinzani wa mgombea wameenguliwa, kwamba mshindi amepita bila kupingwa, na kwamba hata mshindi huyo hana mtaro wala kodi ya kuisimamia, akaamua kwenda sokoni siku ya uchaguzi, amefanya hesabu sahihi kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuhamisha usimamizi wa uchaguzi kutoka TAMISEMI kwenda Tume hakutoshi, ingawa ni lazima. Tunahitaji Katiba iseme kwa maneno yasiyo na utata kwamba baraza lililochaguliwa haliwezi kuvunjwa wala kubadilishiwa mipaka katikati ya kipindi isipokuwa kwa masharti yaliyotajwa. Mfano hauko mbali. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 192, inaruhusu serikali ya kaunti isimamishwe, Mombasa ikiwemo, lakini kwanza tume huru ichunguze tuhuma, kisha Seneti iidhinishe, kusimamishwa kusizidi siku 90, na muda huo ukiisha uchaguzi ufanyike. Kaunti za Kenya zina maovu yake mengi, ya ufisadi na ya madeni, na sizisifu kwa ujumla. Ninachokionyesha ni utaratibu: kama masharti hayo yangekuwepo hapa mwaka 1996, Tume ya Jiji ingeweza kuundwa, ingefanya usafi wake, na ndani ya miezi michache wakazi wangeitwa kuchagua baraza jipya wakiwa na ushahidi mkononi wa kilichowezekana.

Hatari ninayoiona sasa ni kwamba serikali za mitaa zitaachwa nje ya mjadala kama ilivyotokea awali. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, iliyojengwa juu ya muundo wa serikali tatu, haikuzipa nafasi kwa sababu hazikuwa jambo la Muungano, na kwa hiyo zingepaswa kusubiri katiba ya Tanganyika ambayo haikuwahi kuandikwa. Sababu ile ilikuwa na mantiki yake ya kisheria. Kwa mkazi wa Vingunguti au Mbagala ilimaanisha kwamba chombo cha serikali kilicho karibu naye kuliko vyote hakikustahili hata ibara moja. Safari hii wanaoandaa maoni, vyama vya siasa, mawakili, viongozi wa dini na jumuiya za wafanyabiashara wa Kariakoo, wanapaswa kudai mambo matatu kwa pamoja, kwa sababu moja likikosekana mengine mawili yanalegea: ulinzi wa baraza dhidi ya kuvunjwa kiholela, vyanzo vya mapato ambavyo waziri hawezi kuvihamisha kwa bajeti ya mwaka mmoja, na kwa Dar es Salaam pekee, baraza la mji mzima pamoja na meya anayepigiwa kura moja kwa moja na wakazi wa halmashauri zote tano. Hilo la mwisho litapingwa vikali, kwa kuwa meya aliyechaguliwa na mamilioni ya watu atakuwa na sauti ambayo mkuu wa mkoa hana. Wapinzani wake wataje hofu hiyo waziwazi, ili tuijadili kama ilivyo badala ya kuifunika kwa lugha ya gharama na posho.